Kibaba cha Tele

Mpaka leo siwezi kupima chumvi bila kutazama mlangoni. Wajukuu zangu hunicheka. Husema bibi anaogopa sisimizi watamshtaki. Nami huwaacha wacheke, maana kuwaeleza kunataka pumzi, na siku nyingi pumzi hiyo sina. Leo ninayo, basi nasema.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, ambao sisi tuliwaita Wadachi. Reli ilikuwa imeshafika Dodoma na mji ulikuwa bado mchanga, nyumba chache za bati karibu na stesheni, na sisi wengine kwenye tembe zetu za udongo ng'ambo ya reli. Mimi na mume wangu tulikuwa na duka. Naliita duka kwa heshima. Ilikuwa tembe yenye vyumba viwili, cha mbele kimetobolewa mlango mpana, kina meza moja na rafu tatu. Tuliuza kaniki na merikani, shanga, majembe, viberiti, mafuta ya taa, tumbaku, na zaidi ya vyote chumvi ya pwani iliyoletwa na gari moshi. Watu walitembea nusu siku kuifuata hiyo chumvi.

Baba yake mume wangu alifika nchi hii na misafara, akaoa, akabaki. Baba yangu vilevile, isipokuwa yeye alimwoa Mgogo, ndiyo sababu mimi nikakua na lugha mbili kinywani na ubishi wa pande zote mbili. Mume wangu hakuwa mbishi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupiga pasi kanzu yake hata siku ambazo hakuna pa kwenda.

Nilikuwa naujua mgongo wake kuliko uso wake. Kabla ya kunioa alifanya kazi ya reli, na huko punda wawili wa msimamizi walikata kamba wakati wa zamu yake. Alilazwa kifudifudi akapigwa viboko ishirini na tano, hamsa ishirini kama watu walivyokuwa wakisema, tena kwa kiboko kilichoshuka pale pale kiliposhuka mara ya kwanza. Vidonda vilioza. Alilala kwa tumbo miezi mitatu. Mzee aliyemtibu aliniambia siku ya harusi, pembeni, mbele ya wanawake wa kwao, kwamba mgongo ule ukichanwa tena hautafunga. "Mtunze," aliniambia. "Ngozi ile imebaki ya kuazima." Kila jioni nilimpaka samli, na vidole vyangu vilijua kila mtaro.

Hiyo ndiyo mali niliyokuwa nikiiogopea. Duka lingeweza kuondoka, tungelima uwele kama wengine.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, wenye maduka wote waliitwa bomani. Mume wangu alikwenda asubuhi akarudi alasiri, amebeba kitu ndani ya upindo wa kanzu. Kilikuwa kibaba cha bati, kipya, kimepigwa chapa ya ndege ubavuni, pamoja na kijiti chembamba kilichonyooka. Akaviweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Kisha akanieleza sheria. Duka lipakwe chokaa. Lifagiwe kila siku. Mafuta ya taa yasikae karibu na vyakula. Nguo zipimwe kwa fimbo ya serikali, chumvi na nafaka zipimwe kwa bati lenye ndege, na bati likishajaa lifutwe kwa kile kijiti mpaka liwe sawa na ukingo. Mwenye kukutwa na kipimo kingine chochote dukani, hamsa ishirini.

Alipotamka hilo neno la mwisho hakunitazama. Akasema tu, "Kile kibuyu cha mama yako, kichome."

Sasa lazima nikieleze kibuyu. Mama yangu alikuwa akipimia watu nacho tangu siku za misafara, na alinipa nilipoolewa. Kilikuwa na ukubwa wa kibaba kimoja na kidogo, mdomo wake umelainishwa na mikono mpaka unang'aa. Na kupima kwenyewe kulikuwa na desturi yake. Hukujaza ukaacha. Ulimimina mpaka chumvi ifanye kilima, na uliendelea mpaka punje za juu zianze kuteremka zenyewe. Zikiteremka, hapo ndipo kibaba kimetimia, kibaba cha tele. Halafu ulichota kidogo kwa vidole ukaongeza, na hiyo iliitwa ya mtoto, hata kama mnunuzi ni kizee asiye na mtoto. Mtu asiyepewa ya mtoto alijua kwamba wewe na yeye hamko vizuri, na angekwenda kuuliza nyumba kwa nyumba amekukosea nini.

Nilimwambia mume wangu nimekichoma. Nilichukua kibuyu cha maziwa kilichopasuka nikakitia motoni uani, akanusa moshi, akaridhika. Cha mama nilikificha. Nilijiambia ni kwa siku mbili tatu tu, mpaka nikizoee kile kijiti.

Mteja wa kwanza wa bati alikuwa mama mmoja mzee wa Kigogo aliyekuja kutoka huko wanakokuita Kizota, wakati huo mashamba matupu. Alikuwa mteja wa mama yangu kabla ya kuwa wangu, na mimi alikuwa akiniita mwanangu. Tukaamkiana, mbukwa, mbukwa, habari za ng'ombe, habari za mvua. Nikajaza bati. Nikalifuta kwa kijiti, chumvi ya juu ikarudi guniani. Mama mzee akaitazama ile chumvi inavyorudi.

"Hiyo iliyorudi," akauliza, "ni ya nani?"

Nilifunga mdomo wa gunia. Akakusanya mayai yake aliyokuja kubadilishana, akayarudisha kwenye kikapu, akaenda zake. Hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa.

Baada ya siku kumi hakuna mwanamke wa Kigogo aliyekanyaga kwetu. Walikwenda kununua chumvi chafu ya kuchemshwa kule mbugani, afadhali mchanga wenye heshima. Mume wangu alisema tuvumilie, watazoea. Mimi nilitazama gunia la chumvi likinyonya unyevu na kuwa jiwe, nikatazama chungu changu kitupu, nikachukia. Nilichukia bati, na yule ndege, na aliyekaa mahali akafikiri kwamba haki ni kijiti. Nikatoa kibuyu.

Tulifanya hivi. Mume wangu alikaa mbele na nguo na majembe, na bati lake mezani. Wanawake waliokuja kwa ajili ya chumvi walizunguka nyuma, uani, nami niliwapimia huko kwa kibuyu cha mama, chumvi ikiteremka yenyewe, na ya mtoto juu. Habari ilienea kwa muda wa siku mbili. Chumvi ikawa inakwisha. Chumvi nilikuwa nikiitoa guniani kwa bati mbele yake, na mume wangu akafurahi kwamba watu wamelizoea. Sikumsahihisha. Wakati mwingine nafikiri alijua, maana hakuwahi kuja uani mchana. Lakini huenda nafikiri hivyo ili nilale usingizi.

Kisha akaja Mzungu wa vipimo.

Alishuka kwenye gari moshi akiwa na sanduku la mizani, na askari mmoja wa kulibeba. Alianza na maduka ya stesheni. Habari zikatufikia kisimani kabla hajamaliza duka la kwanza. Mhindi mmoja alikutwa na mizani iliyoinama, akatozwa faini. Mwarabu alikutwa na mafuta ya taa juu ya unga, naye faini. Wa tatu alikuwa mweusi mwenzetu, muuza tumbaku na nafaka, aliyekutwa na pishi, kipimo cha mbao alichokirithi. Huyo hakutozwa chochote. Alilazwa mbele ya mlango wake mwenyewe. Nilikuwa kisimani na ndoo mbili, na kisima kilikuwa mbali kidogo na pale, lakini nilimsikia askari akihesabu kwa sauti kubwa, taratibu, kama mwalimu.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sikuwa na maji ya kutia, nilikuwa na kibuyu. Nilirudi nyumbani ndoo zimemwagika nusu na miguu yangu imelowa, sikuona.

Kuanzia hapo woga uliingia mwilini ukakaa. Askari akipita barabarani kwa shughuli zake nyingine, mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, sikumbuki nimesimama lini. Nilihamisha kile kibuyu kila siku. Nilikizika kwenye jivu, nikakitoa. Nilikiweka ndani ya pipa la uwele, nikakitoa. Niliona kila mahali panapiga kelele. Mwishowe nilikipeleka bandani kwa kuku aliyekuwa akiatamia, nikakilaza chini ya nyasi zake, na mayai juu. Kuku yule alikuwa mkali kuliko serikali, na nilimtegemea.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukukivunja? Nami nimejiuliza zaidi yake. Nilikishika mara mbili juu ya jiwe la kusagia. Mara zote mbili niliona mdomo wake, ule ulaini uliofanywa na kiganja cha mama yangu, mkono ukakataa. Na tena kulikuwa na chungu cha kutazamwa. Na tena, niseme kweli, nilikuwa mbishi. Sikutaka kushindwa na kijiti.

Siku moja kabla ya kukaguliwa kwetu, yule mama mzee alikuja uani. Nilimpimia chumvi ikamwagika chini, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza kwa Kigogo. Nikamwambia yuko Mzungu anayekagua vipimo vya maduka, na wanaokutwa na makosa wanapigwa, na yeye anajua mgongo wa mume wangu ulivyo. Alijua. Mji mzima ulijua.

Alipakata kikapu chake. Akauliza, "Wanawapiga wale wanaopunja?"

Nikasema ndiyo, wanaopunja. Nilisema ndiyo kwa sababu ilikuwa rahisi. Kumweleza mtu kama yeye kwamba yuko Mzungu anayempiga mtu kwa kuzidisha kungechukua asubuhi nzima, na nilitaka aondoke haraka nirudishe kibuyu kwa kuku. Akatikisa kichwa akaenda, na nilimwona njiani anatembea kama mtu aliyekata shauri. Wala sikujiuliza shauri gani.

Kesho yake walikuja. Jua lilikuwa limeshapanda, upepo wa vumbi unavuma, mume wangu amemaliza tu kufagia. Mzungu alikuwa kijana, kofia nyeupe, viatu vimepakwa vumbi jekundu mpaka vifundoni. Aliamkia kwa Kiswahili kizuri. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, maana mtu anayefoka unajua hasira yake iko wapi. Huyu alikuwa na daftari, na sauti ya mtu anayeulizia bei.

Mimi nilisimama kwenye mlango wa ndani, nimeshika fremu. Alipitisha kidole kwenye rafu akakitazama. Aligusa chokaa ya ukuta. Aliinama akanusa palipo na mafuta ya taa, akaona yako peke yake pembeni. Alipima fimbo ya nguo kwa fimbo yake. Halafu akalichukua bati, akalijaza chumvi, akalifuta kwa kijiti chake mwenyewe, akaimimina ile chumvi ndani ya kipimo cha shaba alichotoa sandukuni. Ikatoshea sawasawa. Askari aliyekuwa mlangoni akapiga miayo.

"Kuna kipimo kingine humu?" akauliza Mzungu.

"Hakuna, bwana mkubwa," alijibu mume wangu.

Alijibu kwa moyo safi. Alisimama wima katika kanzu yake iliyopigwa pasi, hakupepesa macho, kwa sababu alikuwa amenusa ule moshi. Mzungu akaandika. Akasema duka hili ni safi. Akafunga daftari, na askari akaanza kufunga sanduku, nami nikamshukuru Mungu kwa mara ya kwanza tangu siku ya kisima. Nilishukuru mapema mno.

Maana ndipo wale wanawake walipotokea. Walikuwa wanne, yule mama mzee mbele, wamejipaka mafuta na kuvaa shanga zao zote. Kwa Wagogo, mtu akishtakiwa, jirani hawakai nyumbani. Huja barazani wakasimama, wakasema mema yake waliyoyaona kwa macho, na mema hayo huwekwa upande mmoja na shtaka upande wa pili. Mtu mwenye majirani wengi wa kumsemea hapotei. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo mama yangu alivyonilea mimi pia, isipokuwa mimi nilikuwa nimeshaisikia hesabu ya yule askari.

Mama mzee akapiga makofi mawili ya heshima mbele ya Mzungu. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, pole pole, ili asikosee.

"Bwana, huyu usipige. Huyu hapunji. Bati hili lako ndilo linapunja. Sisi mke wake anapima na kibuyu cha mama yake, huko nyuma, kinajaa mpaka chumvi inaanguka yenyewe. Tena anatupa ya mtoto. Pima, utaona."

Wale watatu nyuma yake wakasema, "Kweli."

Mzungu akafungua daftari tena.

Mume wangu akageuka akanitazama. Nilingojea hasira, na wallahi ningeipokea kwa mikono miwili. Haikuwepo. Kwanza kulikuwa na swali, na kisha nikaona analijibu mwenyewe, moshi, wanawake uani, chumvi iliyokuwa ikiisha, kimoja baada ya kingine. Ilichukua muda mfupi sana. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimesimama mwisho wake.

"Kibuyu ni cha nani?" Mzungu akauliza.

Hapa nataka niseme jambo ambalo sijalisema mbele ya wajukuu. Wanawake hawakupigwa viboko. Hiyo ilikuwa sheria yao, na kila mtu mjini aliijua. Mwanamke mwenye kosa alifungwa bomani siku kadhaa, basi. Nililijua hilo vizuri kama ninavyojua jina langu. Neno lililohitajika lilikuwa moja tu, changu, na lilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimesikia pia hadithi za wanawake waliolala kwenye chumba kile cha bomani, na askari gani ana ufunguo. Nilifumbua mdomo, na mdomo ukakaa wazi bila kitu.

"Ni changu, bwana mkubwa," alisema mume wangu.

"Kilete."

Hapo akakwama. Hakujua kilipo. Alikuwa amedai kitu ambacho dakika ile ile ndiyo kwanza amesikia kiko hai, na sasa ametakiwa akilete. Nafikiri hata askari alielewa, maana aliacha kufunga sanduku. Mume wangu akanigeukia tena, akasema kwa upole, kama anayeomba maji ya kunywa, "Nenda kaniletee kibuyu changu."

Nikaenda. Kuku alinidona mkononi mara tatu, yai moja likavunjika. Nikakileta kibuyu kina manyoya yamegandia.

Mzungu alikipangusa kwa leso. Akakijaza chumvi akamimina katika kipimo chake cha shaba, kikajaa, kikafurika, ikabaki chumvi ya kujaza kiganja. Mama mzee akacheka kwa furaha. Akawageukia wenzake, kisha akamgeukia Mzungu, uso wake umenawiri. "Umeona?" alisema. Alidhani tumeshinda.

Mzungu akampa jibu la adabu, kama mtu anayemweleza bibi yake. "Sikuuliza kama kinazidi, mama. Nimeuliza chapa iko wapi."

Askari akakichukua kibuyu akakipiga kwenye kizingiti. Kilipasuka vipande vitatu. Mume wangu akavua kanzu mwenyewe, akaikunja, akaiweka juu ya meza pembeni ya bati. Mzungu aliutazama mgongo wake. Aliuliza alipigwa wapi, akajibiwa ni kwenye reli. Nikaanza kuomba kwa lugha zangu zote mbili. Akasema basi, itakuwa kumi na tano, si ishirini na tano, kwa sababu ya makovu yale. Aliyaandika hayo kwenye daftari. Aliona ni huruma, na sina shaka alikwenda na hiyo huruma mpaka kwao.

Hayo mengine siyaelezi. Nilifuata hesabu ya askari mpaka tisa, baada ya hapo nilisikia kuku tu, akiyalilia mayai yake. Ninachokumbuka ni mama mzee amenishika mkono wa juu, vidole vyake vya mifupa vimeniingia nyamani, ananiuliza sikioni kwa Kigogo, tena na tena, "Kwa nini wanampiga? Si tumesema kweli?" Sikumwambia ni kwa sababu nilimwambia ndiyo.

Hakufa. Aliishi mpaka njaa ile kubwa iliyokuja baada ya vita, na njaa ndiyo iliyomchukua, sio kiboko. Lakini yule mzee aliyemtibu alikuwa amesema kweli, mgongo haukufunga vizuri tena. Alilala kwa tumbo kutoka msimu ule mpaka watu walipong'oa karanga. Nilimpaka samli asubuhi na jioni, na ile mitaro niliyoizoea sikuiona tena, ilikuwa nchi ngeni. Hakuniuliza kuhusu moshi. Niliandaa majibu kila siku, mazuri kabisa, na kila siku aliniuliza tu kama kuku wameshapewa maji.

Mlango wa duka ulipigiliwa mbao mwezi mzima, kwa amri ya bomani. Siku zilipokwisha askari alikuja akazing'oa, akakagua bati, akaondoka. Nikafagia. Nikafungua gunia. Mume wangu alikuwa chumba cha ndani amelala kifudifudi juu ya mkeka, na katikati yetu kulikuwa na pazia tu, kwa hiyo aliweza kusikia kila kitu.

Mteja wa kwanza alikuwa yule mama mzee. Safari hii hakuzunguka nyuma. Aliingia kwa mlango wa mbele, bila shanga, na kikapu chake na kibuyu kidogo cha samli. Samli aliiweka juu ya meza akasema ni ya mgongo. Hatukuamkiana kama zamani, tulisema mbukwa tu, na macho yake yalikuwa kwenye sakafu. Akaomba chumvi kibaba kimoja.

Nikachota kwa bati. Mkono una mazoea yake, ulimimina mpaka chumvi ikafanya kilima, na punje zikaanza kuteremka zenyewe. Kabla sijashika kijiti, mama mzee alinyoosha mkono wake juu ya meza. Akalaza kiganja juu ya bati, akafuta. Akasukuma chumvi yote ya juu irudi guniani, halafu akapangusa ukingo kwa kidole, pande zote, mpaka punje ya mwisho.

"Isizidi, mwanangu," alisema. "Ikizidi wanampiga."

Nikamimina lile bati lililofutwa kwenye kikapu chake. Nilikuwa nimekwishachota kidogo kwa vidole vitatu, sijui lini, vidole vilichota vyenyewe.

Nyuma ya pazia mume wangu akasema, sauti yake imebanwa na mkeka, "Mwongezee ya mtoto."

Mama mzee alisikia akakaza kikapu kifuani. Nami nilitazama mlangoni. Hakukuwa na mtu, ila mbuzi mmoja karibu na reli, na vumbi. Hakukuwa na mtu hata kidogo. Nikafungua vidole, chumvi ikarudi guniani, na mama mzee akageuka akatoka.

"Umempa?" mume wangu akauliza.

Nikamjibu nimempa. Akaridhika, kama siku ile ya moshi.